Jina la Shamba Lenye Tembo

Ukitoka Nanyuki kwenda Meru, ukaribiapo Timau, ardhi inaanza kuutatiza ulimi. Upande wa kulia mteremko wa Mlima Kenya umevikwa ngano na shayiri, na msimu wake ukifika kanola huchanua manjano mpaka macho yachoke. Kuna viazi, kuna waridi ndani ya nyumba za plastiki, kuna miti iliyopandwa kwa mistari. Na katikati ya yote hayo tembo ana njia yake, anashuka kutoka msitu wa mlimani mpaka Ngare Ndare na nyanda za Lewa. Mwenyeji akikuambia kwamba hapa ni shamba, hajakudanganya. Lakini hajamaliza kusema.

Kiswahili kina maneno mazuri ya kulima, ya kupanda miti na ya kulinda wanyama. Tatizo ni kwamba kila kundi la maneno hayo lilikulia kwake. Mkulima alikuwa na yake, bwana miti yake, askari wa wanyamapori yake, na kila mmoja aliyaunda huku akimtazama mwenzake kama adui. Sasa kazi zote tatu zimekutana chini ya mwenye ardhi mmoja, na maneno hayo yanagombana. Ningependa, msomaji mwenzangu, tuyapime moja moja.

Tuanze na shamba lenyewe. Tunalitumia kila siku hata tumesahau ukubwa wake. Katika Unguja na Pemba ya karne ya 19, shamba lilikuwa milki pana ya mikarafuu iliyohudumiwa na watumwa, na mwenyewe mara nyingi alikuwa mtu wa mjini. Ndiyo maana hadi leo, Unguja, kwenda shamba ni kutoka mjini tu, hata kama hukubeba jembe. Tena likazaa mshamba na ushamba, maneno ya dharau yaliyotungwa na watu waliokuwa wakila jasho la huko huko shamba.

Neno hilo lilipopanda bara likapungua kimo. Likawa ekari mbili za mama, mahindi na maharage, na kamba ya mbuzi pembeni. Lililokuwa jina la milki ya tajiri likawa jina la riziki ya mnyonge, na kwa maoni yangu hapo ndipo lilipopata heshima yake. Kwa hiyo anayesema shamba ni neno dogo mno kwa maelfu ya ekari za Timau amelisikia upande mmoja tu. Shamba halina kimo. Lina kazi: ni ardhi ambayo mkono wa mtu umeigusa ili itoe kitu.

Yapo maneno ya jirani yanayostahili kuamshwa. Konde ni kipande kinacholimwa, na anayekilima anakijua kwa miguu. Ngwe ni sehemu aliyopimiwa mtu ailime, basi ndani yake mna kipimo na mna zamu. Mgunda linatukutanisha na Wakikuyu, wanaosema mũgũnda. Shamba kubwa la ngano likigawanywa kwa ajili ya kuzungusha mazao, kila sehemu huitwa bloku. Ngwe ingetosha, na ingekuwa tamu zaidi.

Ranchi nalipokea kwa masharti. Limekuja na ng'ombe na haliwezi kutembea bila ng'ombe. Ranchi ya Kongwa ni ranchi, hakuna ubishi. Ila mahali ambapo ng'ombe ni theluthi tu ya habari, kuliita ranchi ni kuinyima ngano na miti nafasi ya kutajwa.

Tuje kwenye miti. Hapa Tanzania imefanya jambo la busara ambalo halisifiwi vya kutosha. Ile miti iliyopandwa Mufindi haiitwi msitu. Kibao kinasema Shamba la Miti Sao Hill, na Wakala wa Huduma za Misitu wanasema hivyo hivyo kwa mashamba yao mengine. Tofauti ni kubwa. Msitu hukua wenyewe, una tabaka, una mizabibu ya mwitu, una wazee na watoto waliochanganyika. Shamba la miti lina umri mmoja na mistari iliyonyooka, na siku ya kuvunwa inajulikana tangu siku ya kupandwa. Kenya husema misitu ya kupandwa, na maneno hayo yanamfanya msomaji adhani kwamba ekari mia za msindano ni badala ya ekari mia za mtarakwa na mzeituni wa porini zilizopotea. Si badala. Naomba Wakenya wakubali kuazima hili.

Ajabu ni kwamba neno shamba limewahi kuingia msituni kwa mlango mwingine, tena Kenya hiyo hiyo. Wakati wa ukoloni idara ya misitu iliwaruhusu wafanyakazi kulima mahindi na viazi kati ya miche, mpaka miche ikue na kufunga kivuli. Utaratibu huo wakauita kwa neno letu, na vitabu vya misitu vya Kiingereza vinaliandika hivyo mpaka leo. Serikali iliupiga marufuku katika miaka ya 1980, kisha ukarudi baadaye kwa jina refu la kiofisi lisilokaa mdomoni mwa mtu. Wananchi wanaendelea kusema shamba. Wana haki.

Majina ya miti yenyewe ni karamu. Mkaratusi: sikiliza jinsi Kiswahili kilivyolichukua jina la kisayansi, kikalikata, kikalipa m- ya miti, na sasa ungedhani bibi yako ndiye aliyelitunga. Msindano umeitwa kwa majani yake, basi mtoto akiuona kwa mara ya kwanza anaujua. Mwerezi umetujia kwa njia ya Biblia, ukiwa bado na harufu ya Lebanoni. Mtarakwa ulipatikana papa hapa mlimani, kwa Wakikuyu na Wamasai. Mwandishi anayeandika habari za Ngare Ndare aseme mtarakwa na amwachie mhubiri mwerezi.

Na Wakikuyu wana jina jingine la mkaratusi ambalo ni hukumu nzima: mũnyua maĩ, mnywa maji. Katika neno hilo mna malalamiko ya kila aliyeona chemchemi ikikauka karibu na shamba la miti. Sipendekezi kulileta katika Kiswahili sanifu, mkaratusi unatutosha. Ila mpima ardhi anayekwenda kuongea na wanakijiji alijue kabla hajafungua ramani.

Sasa wanyama. Wanyamapori ni istilahi iliyoshinda. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 inaitumia, magazeti ya Nairobi yanaitumia, na wanyama wa mwitu limebaki katika hadithi. Mwitu ni neno la kale, ndugu wa mũtitũ wa Kikuyu, na maana yake ni msitu wenyewe. Pori ni pana zaidi: ni ardhi yoyote ambayo haijalimwa. Hapo ndipo kidonda kilipo. Tukishamwita tembo mnyamapori, tumempa anwani. Siku akionekana kwenye ngano, lugha imeshamhukumu: ametoka kwake, ameingia kwetu. Lakini tembo wa Mlima Kenya alipita mteremko ule kabla ya mbegu ya kwanza ya ngano kufika.

Hata hivyo sitaki kulifukuza neno pori, kwa sababu Watanzania wamelijengea nyumba nzuri. Pori la Akiba: sikia neno akiba, neno la mtu anayeweka mtama darini. Wanyama na miti vimewekwa vya kesho. Pori Tengefu, nalo limetoka kwenye kutenga, kitenzi cha mtu anayesogeza kitu pembeni kwa makusudi. Haya ni majina yaliyoundwa na watu waliokijua Kiswahili kwa ndani. Hata hivyo yote mawili yanasimama juu ya wazo la kutenga, na shamba la Timau halitengi. Linakutanisha.

Ndipo tunapofika kwenye hifadhi, na hapa naomba tukae kidogo.

Hifadhi limetoka Kiarabuni na limebeba mambo mengi kuliko tunavyolidai. Mtoto wa madrasa anayekijua Kitabu kwa moyo amekihifadhi. Mkimbizi aliyepewa hema amepewa hifadhi. Mfanyakazi anayekatwa mshahara kila mwezi anachangia hifadhi ya jamii. Na eneo la Serengeti ni Hifadhi ya Taifa. Kukumbuka, kukinga, kuweka, kulinda: yote kwa neno moja. Sioni lugha ya jirani iliyomwekea mlinzi wa faru na mtoto wa madrasa kitenzi kimoja, na kila ninapolifikiria nafurahi.

Ila utajiri huo una gharama. Kaskazini mwa Kenya jamii za wafugaji zimeunganisha ardhi zao na kuajiri walinzi, na magazeti huyaita maeneo hayo hifadhi za jamii. Mzee wa Dodoma akisoma hivyo atafikiria pensheni yake. Napendekeza hifadhi za wenyeji. Mwenyeji ndiye mwenye mji na ndiye anayempokea mgeni. Neno linasema ardhi ni ya nani na nani anakaribisha, na mambo hayo mawili ndiyo hasa yanayohusika.

Kuhusu njia ya tembo tumekuwa na ushoroba, na wengine wamelilalamikia. Ushoroba, kwa asili, ni ujia mwembamba wa nyumbani, wenye ukuta huku na ukuta kule. Kutoka humo likapanuka hadi njia za biashara na reli, na sasa shoroba za wanyama zimejaa katika ripoti. Walalamikaji wanasema: nyikani hakuna kuta, ushoroba umetoka wapi?

Mimi nasema inategemea ni wapi. Njia ya tembo inayopita kwenye mashamba ya Marania na Kisima, pale Timau, ina urefu wa kilomita 14 hivi, na ina uzio pande zote mbili. Ni ushoroba kwelikweli: kuta zipo, upana umepimwa, na anayeingia upande huu hutokea upande ule. Neno halikukosea hata kidogo. Lakini Kwakuchinja, kati ya Tarangire na Ziwa Manyara, ni habari nyingine. Pale nyumbu na punda milia hupita penye upenyo, kati ya vijiji, barabara na Ranchi ya Manyara, na mwaka huu wakapita kushoto kidogo kuliko mwaka jana. Huo si ushoroba. Ni mapito. Mapito hayana ukuta, yana mazoea tu. Tukiyatofautisha maneno haya mawili, msomaji atajua kwa neno moja kama njia imekwisha kuzungushiwa au bado iko wazi, na kwa mwanakijiji hiyo ndiyo tofauti ya kugawiwa ardhi na kunyimwa.

Barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru inaukata ushoroba wa Marania na Kisima, basi wakachimba chini yake njia ya tembo. Tembo walianza kuitumia mwanzoni mwa 2011, malori yakipita juu ya vichwa vyao. Magazeti yaliandika daraja la chini, handaki, na hata tundu. Handaki ni la vita. Tundu ni la panya. Lipo neno kivuko, kutoka kuvuka, ambalo tumelizoea kwa mashua na mito. Na barabara yenye malori si mto usiovukika kirahisi? Kivuko cha tembo. Hakihitaji maelezo ya ziada.

Uzio wenyewe unanivutia kwa safari yake. Wavuvi wa Zanzibar wana uzio, ukuta wa fito unaosimikwa penye maji yanayokupwa, samaki wakiingia wasipate pa kutokea. Neno hilo la kunasia ndilo sasa tunalolitumia kwa nyaya za umeme zinazowazuia tembo. Wafanyakazi wa mashambani husema fensi, na siwalaumu, maana ndivyo walivyolikuta kwenye karatasi za ajira. Lakini uzio ni fupi zaidi kwa herufi na halina madhara yoyote ila kwa samaki.

Na tembo akivunja uzio? Hapa Tanzania imetunga maneno mawili ambayo yanastahili kusomwa polepole. Kanuni za mwaka 2011 zinamlipa mwenye mazao yaliyoliwa kifuta jasho, na mwenye kujeruhiwa au kufiwa kifuta machozi. Hawakusema fidia. Fidia ni malipo ya thamani kamili, na mwenye kufidiwa anatoka ameridhika au anakwenda mahakamani. Kifuta jasho kinakiri kwamba hakilipi. Kinafuta tu kilichotiririka usoni. Kuna wanaosema hayo ni maneno ya kukwepa deni, na mkulima aliyepoteza ekari nzima ana haki ya kulalama hivyo. Hata hivyo, kama istilahi, sijaona iliyo ya kweli kuliko hiyo. Kenya inasema fidia, ikiahidi zaidi, na madai yakichelewa neno lenyewe linaanza kuonekana ni la uongo.

Boma linanigusa kwa namna nyingine, kwa kuwa limekwenda duniani. Wataalamu wa wanyama kutoka nchi za mbali husema boma bila kutafsiri, wakimaanisha ua wa kumweka faru anapohamishwa. Tanzania boma lilikuwa ngome, kisha ofisi ya mkuu wa wilaya, na kufunga ndoa bomani ni kuandikishwa serikalini. Laikipia ni ua wa ng'ombe usiku. Kwa hili la mwisho tuna zizi, neno linalonukia maziwa, na ningependa lirudi. Boma liachiwe faru na mkuu wa wilaya.

Lakini kitu kizuri zaidi katika mazizi hayo hakina jina letu. Katika ranchi za Laikipia, kama Ol Pejeta, ng'ombe aina ya Boran hulazwa ndani ya zizi la vyuma linalohamishwa kila baada ya muda. Likihamishwa, samadi hubaki, nyasi huota nzito na tamu kuliko za pembeni, na swala, nyati na pundamilia huja kulisha hapo. Doa hilo la kijani laweza kudumu kwa miongo kadhaa. Ng'ombe na mnyamapori wanalisha pahali pamoja kwa nyakati mbili. Kila mara nikisoma habari zake nakuta maelezo marefu: eneo la wazi lililokuwa zizi zamani.

Tuna neno mahame. Ni pahali palipohamwa, kijiji kilichoachwa, magofu na mibuyu. Limezoea huzuni. Tulichukue tulipe kazi hii: mahame ya ng'ombe, mahame yaliyoota, swala wako mahameni. Kitenzi kuhama kimo ndani yake, kinaeleza kilichotokea, na huzuni yake ya zamani inageuka kuwa neema bila kubadilisha hata herufi moja.

Kitalu nitalipitia upesi, ingawa lingeweza kupata makala yake. Lilikuwa kiwanja kilichozungushiwa. Sasa miche huoteshwa kitaluni, waridi hukua ndani ya kitalu nyumba (jina zuri kuliko grinhausi, Wakenya mnisikie), wawindaji wenye leseni hupangiwa kitalu, na kampuni za gesi hugombea vitalu baharini. Penye shamba lenye miche na wanyama pamoja, kitalu cha miche na kitalu cha uwindaji vitajwe kwa ukamilifu wake kila mara. Ajali ya kuvichanganya si ya kisarufi tu.

Linabaki jina la mahali pote pamoja. Wengi husema kilimo mseto, na ni jina linalotumika pia kwa kulima mazao katikati ya miti. Mseto ni chakula: mchele na choroko vilivyopikwa pamoja mpaka huwezi kuchota kimoja bila kingine. Kwa miti na mahindi katika konde moja, sawa kabisa. Kwa Timau halifai, kwa sababu pale ngano ina mpaka, miti ina mpaka, na tembo ana kilomita zake 14. Wamekaa bega kwa bega bila kupikwa chungu kimoja.

Nilipenda kwa muda shambapori, kwa kufuata wanyamapori. Bahati mbaya soko la ardhi limeshalichukua. Katika matangazo ya Tanzania shamba pori ni lile ambalo halijafyekwa, linalomsubiri mnunuzi mwenye shoka. Neno linalosubiri shoka haliwezi kuitwa kulinda.

Napendekeza shambahifadhi. Shamba limetangulia kwa sababu ndilo linalolipa mishahara. Ngano isipouzwa, hakuna mlinzi wala uzio. Hifadhi linafuata kwa maana zake zote, pamoja na ile ya mtoto wa madrasa: ardhi inayolimwa huku ikiikumbuka njia iliyokuwapo. Liandikwe neno moja, kama wanyamapori, kwa kuwa likitenganishwa msomaji atauliza lipi linamilikiwa na lipi. Wingi wake ni mashambahifadhi, katika ngeli ya li-ya, na upatanisho ufuate shamba: shambahifadhi hili, lenye tembo, limevunwa.

Watasema ni refu. Silabi tano. Kitalu nyumba ni tano na limepita, mwanamazingira ni sita na hakuna aliyelalamika. Na anayeona majina ya maji yanaweza kutusaidia zaidi nitamsikiliza kwa hamu, maana waliotutangulia pale hawakuita mahali kwa mipaka yake. Kisima ni kisima. Ngare Ndare, kwa Kimasai, ni maji ya mbuzi. Waliita kwa kile ambacho kila kiumbe, wa zizini na wa mwituni, alikuja kukitafuta.

Mahame, kwa upande wake, ningependa wachungaji wa Laikipia walijibu kabla ya mtu yeyote wa kamusi. Wao ndio wanaolihamisha zizi kila mara na kuona nyasi zikiota, na inawezekana wana jina lao tayari, la Kimasai, Kiturkana au Kiswahili cha malishoni. Kama lipo, liletwe, na langu nitaliondoa.